Amani ya Usambara: Kijiji cha Mlimani na Msitu Wake wa Kale

Mkazi wa mji wa Tanga afunguapo bomba alfajiri ili atawadhe, maji yanayomtiririka mikononi yamekwisha safari ndefu kabla ya kumfikia. Mengi yalianza kuwa ukungu na mvua katika milima ya Usambara ya Mashariki, yakadondoka jani kwa jani hadi yakazama katika udongo wa msituni, kisha yakachuruzika taratibu kwenye vijito vinavyouzaa Mto Zigi. Mto huo ndio unaojaza Bwawa la Mabayani, na bwawa hilo ndilo linaloinywesha Tanga. Basi si vibaya, ndugu msomaji, tukapanda mto huo kwa makala haya mpaka yalipo machimbuko yake, katika kijiji cha Amani, wilaya ya Muheza, tukawaangalia na watu wanaoishi huko juu.

Safari huanzia Muheza mjini, penye machungwa yaliyopangwa mafungu kando ya barabara. Ukiiacha lami, njia hupita kwanza katika nchi ya joto, mashamba ya mkonge na michungwa, kisha milima hujitokeza mbele kama ukuta wa kijani. Chini ya ukuta huo ndipo palipo Sigi. Hapa zamani palikuwa na kituo cha reli. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 Wajerumani walitandika reli ndogo kutoka Tengeni, kwenye reli kubwa ya Tanga, ikaja mpaka hapa kuteremsha magogo na mazao ya milimani. Reli imekwisha zamani, ila nyumba ya msimamizi wa kituo imekarabatiwa, nayo sasa ndiyo ofisi ya kupokelea wageni wa hifadhi. Kutoka hapo gari hukwea kona baada ya kona, madirisha hufungwa mojamoja, na abiria aliyekuwa akijipepea kwa gazeti huanza kutafuta kitu cha kujifunika. Amani iko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake kwa mwaka hukaribia milimita 2,000. Baridi yake ya asubuhi humshangaza mtu wa pwani.

Msitu uliozunguka kijiji hiki ni wa kale kuliko tunavyozoea kutumia neno hilo. Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita nchini Kenya na kushuka kusini hadi Udzungwa na Mahenge. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi huipiga milima hii karibu mwaka mzima. Zilipopita zama za ukame zilizoigeuza sehemu kubwa ya Afrika kuwa mbuga, misitu ya huku haikukauka. Ilibaki kama visiwa vya kijani katikati ya nyika, na viumbe waliokuwamo wakabaki na kizazi chao peke yao. Wataalamu huhesabu umri wa misitu hii kwa mamilioni ya miaka. Ndiyo sababu wapo vinyonga, vyura, ndege na miti wa hapa ambao hawaonekani kwingineko duniani. Yupo hata chozi mmoja mdogo ambaye wataalamu wa ndege wamempa jina la kijiji hiki.

Mfano ulio mashuhuri zaidi ni ua dogo la rangi ya urujuani linaloota kwenye miamba yenye kivuli, kando ya maji. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa Wajerumani, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia, kwa heshima ya Baron huyo. Leo ua hilo hupandwa katika vyungu na kuuzwa madukani Ulaya na Marekani kwa mamilioni. Mtu anaweza kulinunua katika mji wenye theluji bila kujua kwamba asili yake ni miamba ya Muheza.

Lakini ni kosa kudhani, kama wageni wengi wadhanivyo, kwamba msitu wa kale ni msitu usio na watu. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta katika milima hii vigae vya vyungu na mabaki mengine ya wakulima wa Zama za Chuma za mwanzo, mamia mengi ya miaka kabla ya jahazi la kwanza la Mreno kufika pwani yetu. Baadaye Wasambaa walilima humu, wakipanda migomba mabondeni na kuacha vilele na makorongo yakiwa na miti. Walijua mti wa dawa na mti wa mwiko, na palikuwa na sehemu ambazo shoka halikuingia. Utawala wao ulikuwa mikononi mwa Wakilindi, ukoo wa Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu, ambao makao yao makuu yalikuwa Vuga, katika Usambara ya Magharibi. Habari za ukoo huo tumeachiwa kwa Kiswahili na Muislamu wa pwani, Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, katika kitabu chake Habari za Wakilindi. Kwa mtu anayetaka kuijua milima hii kutoka ndani, hicho kingali ndicho kitabu cha kuanzia.

Wajerumani walipoingia waliitazama nchi hii kwa jicho jingine. Amri yao ya mwaka 1895 ilitamka kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Tatizo lilikuwa katika kuamua ipi haina mwenyewe. Msambaa aliyeacha shamba lipumzike miaka kadhaa, likaota vichaka, alionekana hana kitu pale. Makampuni yakafyeka msitu kwenye vilima vya Derema na jirani zake ili kupanda kahawa. Waliona miti mirefu minene wakadhani udongo wake lazima una rutuba isiyokwisha. Kumbe rutuba ya msitu huu imo katika majani yanayooza juu ya ardhi. Miti ikiondoka, mvua huisomba. Kahawa ikanyong'onyea baada ya miaka michache. Mashamba mengi yaliyofuata yalikuja kuwa ya chai, nayo ndiyo yaliyotandaza zulia la kijani kibichi ambalo mgeni hulipiga picha leo.

Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilianzisha Amani taasisi ya utafiti wa viumbe na kilimo, chini ya Franz Stuhlmann. Haikuwako nyingine ya kulingana nayo katika Afrika ya joto. Walijenga maabara, maktaba na nyumba za mawe, wakafyeka na kupanda bustani kubwa ya majaribio: kafuri, kwinini, mpira, mdalasini, mianzi, kahawa za kila aina, na miti ya mbao kutoka pande zote za dunia. Wanaosimulia historia ya Amani hutaja majina ya madaktari na maprofesa. Sisi tuongeze kwamba kila mche katika bustani ile ulichimbiwa shimo na kibarua, na kila kreti ya vyombo vya kioo ilipandishwa mlimani kwa nguvu za watu ambao majina yao hayakubandikwa kwenye mti wowote.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka na meli za Waingereza zikafunga bahari, taasisi iligeuka kiwanda. Maganda ya mikwinini yalichemshwa hapa kuwa dawa ya malaria kwa askari waliokuwa porini, mpaka Waingereza walipoiteka Amani mwaka 1916. Hadi leo sehemu moja ya huku huitwa Mikwinini.

Chini ya Waingereza, Amani ilifanya kazi moja ambayo naiona kubwa kuliko zote, na ambayo watu wa Tanga wenyewe hawaizungumzi. Katika miaka ya 1930 muhogo wa Afrika Mashariki ulikuwa ukiangamizwa na batobato na michirizi ya kahawia. Muhogo ni chakula cha mtu asiye na kingine. Ukifa muhogo, njaa hugonga mlango wa maskini kwanza. H. H. Storey na wenzake waliuchanganya muhogo na jamaa yake wa porini, mti wa mpira wa Ceara, ambao ulistahimili magonjwa lakini mizizi yake haikufaa kuliwa. Kizazi cha kwanza kilikuwa na mizizi kama kamba. Wakakirudisha kwa muhogo tena, na tena, wakichagua na kutupa kwa miaka mingi, mpaka wakapata mimea yenye mizizi minene inayostahimili. Baadhi ya vizazi vyake vilipelekwa Nigeria katika miaka ya 1950, na humo ndimo zilimotoka mbegu nyingi za muhogo stahimilivu zilizoenea Afrika. Mama anayesonga bada jioni huko Tanga au Pangani ana deni dogo kwa mlima huu. Hata mkonge una kisa chake: mmoja wa wazazi wa aina chotara inayolimwa kwa wingi mkoani, ile iitwayo 11648, ulitambuliwa na wanasayansi hapa hapa, wakaupa jina la kijiji: Agave amaniensis.

Baada ya Vita Kuu ya Pili utafiti wa kilimo ulihamishiwa Muguga, Kenya, na majengo ya Amani yakachukuliwa na watafiti wa malaria. Baada ya uhuru kazi hiyo ikawa ya taifa, na sasa shughuli nyingi zimeteremshwa Muheza. Nyumba za mawe zingali zimesimama, nyingine zina watu, nyingine zina popo. Ukipita jioni mbele ya maabara zilizofungwa, na ukungu ukiingia kwa chini ya varanda, unaweza kudhani wenyewe wametoka kwenda kuswali Magharibi, watarudi.

Msitu nao haukuachwa. Katika miaka ya 1970 na 1980 magari makubwa ya kiwanda cha mbao yalipasua njia mpaka ndani ya hifadhi za serikali, kwa msaada wa fedha na mitambo kutoka Finland. Kilichokuwa kikikatwa kwa msumeno wa mkono na kubebwa begani sasa kilivutwa kwa matrekta yaliyoponda miche na kuchimbua udongo. Kelele za wanasayansi na wengineo zikawa nyingi, na kabla ya muongo wa 1980 kwisha ukataji ule wa kibiashara ukasitishwa; Finland hiyo hiyo ikageuka mfadhili wa uhifadhi. Penye mianya iliyoachwa na magogo ukaingia mhesi. Huu ni mti wa upande wa Ziwa Victoria, uliopandwa Amani na wakoloni. Hondohondo wanayapenda matunda yake, na popote watuapo huacha mbegu. Leo mhesi umeenea ndani ya msitu kiasi kwamba mgeni hawezi kuutofautisha na wenyeji wa asili.

Mwaka 1997 ndipo Amani ilipotangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, ya kwanza ya aina hiyo Tanzania, yenye hekta 8,380. Hilo lilikuwa jambo la kheri. Lakini mipaka ilipochorwa, palibaki nje kipande cha msitu kiitwacho Derema, kinachounganisha misitu ya kusini na ile ya kaskazini. Wanyama na mbegu hupitia humo; kikikatika, pande mbili hizo zitakuwa visiwa, na kisiwa kidogo hupoteza viumbe wake taratibu. Wataalamu waliona sawa kwamba ushoroba huo lazima ulindwe.

Ila ndani ya ushoroba mlikuwa na mashamba. Chini ya miti mirefu wanakijiji walikuwa wamepanda iliki, pamoja na migomba, karafuu na pilipili manga. Iliki hupenda kivuli, kwa hiyo mkulima haangushi miti mikubwa. Hufyeka tu ile midogo ya chini. Kwa macho ya mpita njia msitu bado upo, ingawa msitu usio na watoto hauna warithi, na baada ya miaka kadhaa ardhi huchoka, iliki hupungua, na mkulima hushawishika kufungua juani apande miwa. Haya ni kweli. Ni kweli vilevile kwamba iliki ile ndiyo iliyolipa ada za shule, mahari, mabati ya nyumba na nauli ya mgonjwa kwenda hospitali. Katika nyumba zetu hatuijui ila kama harufu ya pilau ya Idi na ladha ya chai ya maziwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vigingi viliwekwa, na mimea ikahesabiwa shina kwa shina ili walipwe fidia. Wakulima walioguswa walizidi 1,000, na eneo lilikaribia hekta 960. Fedha zilitoka kwa Serikali na wafadhili, zikaja kwa kuchelewa, na katika kungoja huko mkulima hakuwa na shamba wala malipo. Palitajwa pia ardhi ya badala katika shamba la zamani la mkonge huko tambarare. Sasa mwambie mtu aliyezaliwa kwenye ukungu, ajuaye kulima iliki, akaanze upya juani kwenye ardhi iliyochoshwa na katani! Baadhi walizitumia fedha vizuri, wakajenga. Wengine ziliwaishia mkononi, maana fidia hulipwa mara moja na iliki huvunwa kila mwaka.

Mwandishi wa makala haya haoni kwamba Derema ingeachwa ifyekwe. Anachokiona ni kwamba tangu amri ya mwaka 1895 watu wa mlima huu wamekuwa wakisogezwa kwa jina la jambo kubwa kuliko wao: kwanza dola ya Kaiser, kisha sayansi, kisha mbao za taifa, kisha viumbe adimu vya ulimwengu. Jambo la mwisho ni jema kuliko yaliyotangulia, lakini anayesogezwa ni yule yule.

Palikuwa na jaribio moja lililoonyesha njia nyingine. Kuanzia miaka ya 2000 wanakijiji, wanawake wengi miongoni mwao, walifundishwa kufuga vipepeo katika vibanda vya neti. Waliwapandia majani wanayoyala, wakawakusanya wakiwa bado ndani ya vifukofuko vyao, na hao wakasafirishwa kwa ndege hadi nyumba za maonyesho Ulaya na Marekani. Uzuri wa kazi hiyo ni kwamba inauhitaji msitu ubaki umesimama, kwa kuwa mbegu ya vipepeo hutoka humo. Wanavijiji walipata mapato, na sehemu yake ikaingia katika shughuli za maendeleo ya vijiji. Mwaka 2016 Serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyama hai nje ya nchi, kwa sababu ya magendo ya wanyama wakubwa, na kipepeo akaingia katika amri moja na twiga. Vibanda vikabaki mifupa. Ikiwa kuna amri iliyostahili kutazamwa kwa darubini ndogo kabla ya kutiwa saini, ni hiyo.

Na maji je? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 pia wachimbaji wa dhahabu walimiminika katika mabonde ya Sakale, juu kabisa kwenye vijito vya Zigi, wakichimbua kingo na kuosha udongo mtoni. Waliondolewa, lakini mashimo hayaondolewi kwa amri. Udongo unaoshuka kutoka mashamba ya miteremkoni nao huishia Mabayani na kula nafasi ya maji. Kwa kulijua hilo, wakulima wa mabonde ya Kihuhwi na Zigi wameunda umoja wao, UWAMAKIZI, wa kuhifadhi mazingira: wanaacha kulima kingo za mito, wanachimba makinga maji na kupanda miti. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua miundombinu yake, na wananchi walihimizwa kuinunua. Mabomba mapya yanahitajika, hakuna anayebisha. Swali la mkulima wa juu ni jepesi: katika fedha ambayo mji unalipia maji, ipi inapanda mlima kumlipa aliyeacha kulima ukingo wa mto? Swali hilo lina haki ya kujibiwa kwa tarakimu.

Familia inayotaka kwenda Amani ifanye hivyo nje ya masika, maana Machi hadi Mei barabara huwa utelezi mtupu. Magari ya abiria kutoka Muheza ni machache, hivyo ni vyema kuulizia mapema. Sweta zisiachwe nyumbani, hasa kwa watoto, wala viatu vya kufunika mguu. Ada hulipwa Sigi. Hapo pia ndipo pa kumpata kiongozi wa njia, na inafaa awe kijana wa vijiji vya huku, kwa sababu jina la mti analijua kwa Kisambaa kabla ya kulijua kwa Kilatini. Mwombeni awaonyeshe urujuani kwenye miamba ya kijito, bila kuung'oa, na mhesi na mti wa asili vikiwa bega kwa bega. Maji ya kutawadhia ni ya baridi sana. Iliki kavu huuzwa majumbani, na mkifika muhula wa mavuno mtaikuta imeanikwa uani juu ya mikeka, mama mmoja akiichambua kwa vidole huku akiwaita kuku watoke.